Mpelelezi Sebuleni

Mgeni hakuomba kwenda chooni, na hilo ndilo lililozidi kumtia Zubeida wasiwasi. Wapelelezi wa posa huomba choo, wote. Huomba na maji ya kunywa wapate kuikagua glasi, kisha wakitoka hupitia jikoni kana kwamba nyumba ya vyumba vitatu imewapoteza. Huyu alikaa kwenye kochi alipoelekezwa, akaweka mkoba mapajani, akatabasamu.

Mjanja huyu, Zubeida akawaza. Upande wa mume wametuma fundi hasa.

Jirani yake Tunu alikwishamwonya. "Watu wa Madale wale, shoga yangu, lazima watakuletea mtu. Na mkwe msomi hawamtaki! Kuna binti kule Wazo walimwacha hivihivi, eti kwa sababu alitaja chuo. Chunga mdomo wako."

Posa ya Yazid, kijana wa hao watu wa Madale, ilikuwa imeshaletwa. Mume wa Zubeida alisema mambo ya binti ni ya mama yake, akarudi zake dukani. Zubeida akamwita Yumna chumbani, akamuuliza kama anamtaka au hamtaki. Yumna akainamisha kichwa, kimya. Na mwanamwali akinyamaza ndiyo amekubali. Hivyo ndivyo Zubeida mwenyewe alivyoolewa, kidato cha pili hajakimaliza. Tena siku hizi mtoto alikuwa akichekacheka na simu peke yake. Nani asiyejua maana yake?

"Naitwa Anastasia," mgeni alisema. "Nafundisha chuo kikuu, masomo ya wanawake na jinsia. Napitapita huku Mbagala, kwenye shule na majumbani, naongea na akina mama kuhusu mabinti zao."

"Makubwa! Wanawake nao wanasomewa chuoni?"

"Tena kila idara. Mwalimu wa sheria anafundisha ndoa na talaka, wa historia anafundisha wanawake waliopigania uhuru, wa udaktari uzazi, wa fasihi nyimbo za harusini. Mpaka mambo ya unyumba yanasomwa."

"Astaghfirullah! Sie hayo tulifundwa na kungwi, mlango umefungwa na redio imewashwa."

Wakacheka wote wawili. Zubeida akakimeza kicheko chake upesi. Ndivyo wanavyokulainisha hawa. Lakini moyo ulikuwa umeshamchangamka. Darasa la namna hiyo angelikaa mwenyewe, mstari wa mbele, na umri wake huu. Na Yumna je! Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, Zubeida aliwapigia simu ndugu wote, mpaka wa Muscat. Posa ilipokuja akaacha kuyataja.

"Binti yako nasikia amefaulu vizuri sana," mgeni akasema.

Zubeida akashtuka. Kasikia kwa nani? "Kafaulu tu, kawaida."

Yumna mwenyewe alikuwa ametumwa soda ya mgeni, na kwa nini duka la hapo chini lilimchukua muda wote huo, Mungu ndiye ajuaye. Na ajabu nyingine ni kwamba mgeni hakuuliza hata mara moja kama anaweza kumwona. Mpelelezi gani haombi kumwona binti?

"Akipata nafasi chuoni, ungependa aende?"

Haya, ndilo hilo. Zubeida alikuwa akilingoja tangu mgeni avue viatu.

"Anapika biriani ya watu mia," akajibu.

"Naamini. Lakini kusoma je?"

"Anashona mwenyewe nguo zake. Na sauti yake huisikii hata akikasirika."

"Mama Yumna." Mgeni alisogea mbele kwenye kochi, sauti imeshuka. "Hapa tupo wawili tu. Muache mume, waache majirani. Nakuuliza wewe, moyoni mwako. Ungependa asome?"

Wamemfunza vizuri huyu! Zubeida aliminya ncha ya kanga yake. Moyoni mwake alitaka kupiga kelele kwamba aende, aende hata leo, asome mpaka walimu wachoke. Lakini si yeye anayeolewa. Mwanawe kampenda mtu, na neno moja la mama lingefika Madale kabla ya magharibi na kuvunja kila kitu. Hakuwa tayari kumuona Yumna akilia kwa ajili ya ndoto zake yeye.

"Sitaki," akasema, akimtazama mgeni machoni. "Mwanamke akisoma mpaka huko anaharibika. Na huyu wangu akithubutu kwenda, asiniite mama."

Mgeni akachukua mkoba wake taratibu, akashukuru na kusimama. Zubeida aliuona uso ule ulivyonywea, akamhimidi Mungu kimoyomoyo. Alikuja kunikamata, kaondoka mikono mitupu.

Alimsindikiza mpaka nje, akamtakia safari njema kwa adabu zote, akarudi na kufunga mlango. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Akayafuta kwa kanga. Yatapita, alijiambia, mtoto ataolewa anakotaka, na hilo ndilo la maana.

Anastasia alitembea polepole hadi kwenye kona ya duka la dawa. Yumna alikuwa amesimama pale, mtandio kaufumbata kidevuni, akachungulia kwanza nyuma ya mgeni kama kuna mtu anayemfuata.

"Umemuuliza kama nilivyokuomba, mwalimu?" akasema. "Amekubali nisome?"