Dawa ya Mwisho Pangoni

"Dawa, we mtoto, nipe dawa! Nakufa!" kaka alifoka, macho hayabanduki kwenye runinga.

Shujaa wake alikuwa amebanwa na mazimwi kwenye kona ya pango, uhai umebaki kijistari chekundu. Chupa ya mwisho ya dawa alikuwa nayo mdogo wake, Kitinda, kidole gumba juu ya kitufe kinachonata. Pedi mbovu ya gemu ndiyo aliyopewa siku zote.

Kaka ndiye aliyemfundisha kucheza. "Mgeni hutangulia mlangoni," alimwambia, naye akaamini. Akawa anachomwa mishale kila chumba, huku mwenzake akizoa dhahabu nyuma yake na kucheka mpaka machozi. Asubuhi hii binamu yao ndiye aliyemfungua macho: sheria hiyo haipo popote.

"Kitinda! Umekuwa kiziwi?"

"Nakusikia, kaka."

"Sasa unangoja nini?"

Akakibonyeza kitufe kwa nguvu zake zote. Shujaa wa Kitinda, buheri wa afya, hana hata mkwaruzo, akainua chupa na kuinywa yote, funda kwa funda.

"Mkubwa hutangulia kaburini," alisema.