Ukurasa wa Kivuva

Mukonyo alipaka uji wa ngano nyuma ya picha, akaibandika katikati ya kitabu, akaikandamiza kwa kiganja. Naliaka nusura amwage chai.

"Mama Mutindi, umerogwa? Hata hiyo unaiweka?"

"Hii ndiyo ya maana kuliko zote."

Picha yenyewe ilimwonyesha askari Kivuva amekaa kitini kwa mpiga picha wa River Road, kofia juu ya goti. Nyuma yake amesimama Mukonyo, mkono begani mwa mwanaume, anacheka meno yote nje. Haikupita miezi mingi Kivuva akapelekwa vitani ng'ambo, nchi ya Malaya, akafia huko, akazikwa huko huko. Mutindi, mtoto aliyemwacha tumboni mwa Mukonyo, sasa alikuwa chini ya kitanda akitafuna kipande cha kadibodi.

Na kitabu? Kitabu kilikuwa zawadi kwa yule aliyemwoa Mukonyo, huko Kangundo. Naam, umesikia vizuri.

Wanawake hawa wawili walikuwa mayaya, kila mmoja kwa Mhindi wake hapo Parklands, na vyumba vyao vya nyuma vilitenganishwa na ukuta wa mabati tu. Kila jioni Naliaka alikuja kumtazama mwenzake akishona. Kurasa zilikuwa za karatasi ngumu ya dukani, jalada limevikwa kipande cha sari kuukuu. Ndani mlikuwa na nywele za kwanza za Mutindi, alama ya mguu wake kwa masizi ya sufuria, na picha yake akilia katika bustani ya Jeevanjee. Kazi safi, yenye mapenzi. Ila huyo askari!

"Aliyenioa amesikia maneno ya watu," Mukonyo alisema, macho yamemjaa machozi. "Ati natangatanga hapa mjini na kila mtu. Anakuja Jumamosi ajionee mwenyewe. Asiporidhika, mimi nitarudishwa kwa baba yangu na Mutindi atabaki kwake. Ng'ombe zililipwa, Naliaka. Mtoto ni wa huko."

"Sasa si uitoe hiyo picha, dada yangu!"

"Mambo ya kwetu ukiyapeleka kanisani kwenu yatageuka dhambi. Wacha tu."

Naliaka akawacha, lakini kwa mdomo. Moyo ulikataa. Yeye ndiye aliyemzalisha Mukonyo kwa mikono yake, usiku mkunga alipokosekana kwa sababu ya kafyu, na Mutindi alikuwa kama wa kwake. Tena aliwajua wanaume. Kwao Kakamega jirani mmoja alimkata mkewe sikio kwa sababu ya kumchekea muuza samaki. Kumchekea tu! Huyu wa Kangundo angeona mkewe amemshika askari bega, na picha imebandikwa katikati ya zawadi yake, angefanya nini? Naliaka alipoteza hata hamu ya kula.

Jumamosi Mukonyo alivaa rinda lake la sikukuu, akatia kifuani pasi yake ya kutembelea mjini maana mji ulijaa askari wa hali ya hatari, akaenda stendi kumpokea mgeni. Mtoto na kitabu alimwachia Naliaka.

"Usikifungue. Nataka akifungue mwenyewe."

Mlango ulipofungwa tu, Naliaka alikifungua.

"Nisamehe, Kivuva," akasema kwa sauti, kana kwamba marehemu yupo pale. "Wewe panga halikutishi tena. Mwenye shingo ni Mukonyo."

Akalowesha picha kwa kitambaa cha maji, akaibandua pole pole kwa kisu, akaitia jikoni kwenye makaa. Ilijikunja, ikawa jivu. Akakata ua jekundu kwenye pakiti ya majani ya chai, akalibandika palipobaki wazi. Likapendeza hasa! Akambeba Mutindi mgongoni, akaanza kusonga ugali wa mgeni huku akiimba wimbo wa kanisa.

Waliingia jua likiwa bado kali. Mukonyo alitangulia, na nyuma yake akafuata mama mzee mwembamba, kikapu cha kiondo kimening'inia mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso. Naliaka alichungulia nje, mwiko mkononi kama rungu, akimtafuta mwanaume. Uani hapakuwa na mtu. Ahaa, akawaza, amemtanguliza mama yake apeleleze kwanza!

"Karibu, mama. Na huyo mwingine amechelewa basi?"

"Mwingine yupi?" mama mzee akauliza, akaketi kitandani.

Mukonyo alipiga magoti, akampa kitabu kwa mikono miwili. Mama mzee alikifungua. Aliposhika zile nywele alitabasamu. Alipima mguu wa masizi kwa mguu wa Mutindi, ambaye Naliaka alikuwa amemshusha mgongoni, akacheka, akamvuta mtoto mapajani. Akafungua ukurasa wa katikati, akatazama lile ua. Akafungua wa mbele yake, akarudi nyuma, akafunua mpaka mwisho.

Mukonyo akanyoosha shingo kuona. Rangi ikamtoka usoni.

"Uliniahidi picha yako na Kivuva," mama mzee akasema.

"Ilikuwa hapo! Naliaka, iliku—"

Mama mzee akainua mkono kumnyamazisha, akamkumbatia Mutindi kifuani.

"Mimi ni mjane nisiye na mtoto. Nilitoa ng'ombe zangu mwenyewe nikakuoa mimi, kwa mila yetu ya mwanamke kuoa mwanamke, na nikakuchagulia Kivuva, mpwa wa marehemu mume wangu, uzae naye yeye peke yake. Kumbe ya watu ni kweli. Mtoto huyu naondoka naye; wewe nenda kwa baba yako."