Mkono wa Kinyozi Mkubwa

Mkono wa kinyozi mkubwa ulimpungia mdogo wake, ng'ambo ya barabara, huku mwenye mkono amenuna kama aliyemeza shubiri.

“Usinitazame!” alifoka. “Siyo mimi. Ni mashine.”

Mdogo wake, naye kinyozi, alikuwa mlangoni mwa saluni yake na taulo begani. Aliingia ndani akafunga mlango.

Walikuwa hawasemeshani mwaka wa nne sasa, tangu mdogo mtu alipohama kwa kaka yake na kufungua saluni pale pale mkabala, juu ya mlango akaandika: HAPA HATUSINZII. Siku hiyo kinyozi mkubwa alisimama katikati ya barabara, watu wote wakisikia, akaapa kwamba mkono wake wa kulia hautamwinukia yule mtu kwa salamu mpaka siku anazikwa.

Na kweli, sasa ulikuwa haumwinukii mtu yeyote. Mwezi uliopita, baada ya chakula cha mchana, alijilaza kwenye kiti cha wateja, mkono ameutundika nyuma ya egemeo, akachapa usingizi mpaka jioni. Alipoamka, kiganja kilikuwa kinaning'inia kama soksi kwenye kamba. Alikiamuru kipande. Kikagoma.

“Mfupa mzima, msuli mzima,” daktari wa viungo alimwambia. “Ukitaka kiganja kipande, ubongo unatuma agizo kwenye mshipa wa fahamu. Agizo likifika, msuli unajikaza, kiganja kinapanda. Agizo likikoma, msuli unalegea, kinashuka. Wewe huo mshipa umeubana na kiti. Agizo linatoka vizuri, linakwama njiani.”

“Yaani mimi naagiza, halafu sisikilizwi?”

“Ndiyo hivyo.”

“Sasa umejua ninavyoishi na wewe,” alisema mkewe.

Waliazimwa mashine: kisanduku kimoja, waya mbili na vibandiko vya kubandika chini ya kiwiko. Mashine ikituma umeme kidogo, msuli unaamka, ikinyamaza, unalala. Sekunde tano juu, kumi chini, nusu saa kila asubuhi, ili msuli usisahau kazi wakati mshipa unajiponya. Na usipojiponya? Daktari alikuna shingo. Basi saluni itafutiwe mtu mwingine.

Kinyozi mkubwa hakulala siku mbili. Kinyozi asiyeweza kuinua wembe ni mtu tu mwenye kioo kikubwa.

Mahali pa kukaa alipachagua mkewe. Kisanduku alikiweka dirishani, akakichomeka kwenye soketi ya umeme, kiti akakiweka barazani.

“Hapa pana hewa,” alisema.

“Hewa gani hii inayotazama kwa yule?”

“Hewa ni hewa, baba. Kaa.”

Asubuhi ya kwanza mkono ulipanda na kushuka mara mia moja na ishirini, na muuza magazeti alizihesabu zote.

“Leo umemsalimia mdogo wako mpaka basi!” alicheka. “Kiapo je?”

“Niliapa mimi. Mashine haikuapa!”

Siku ya tatu mdogo mtu hakufunga mlango. Siku ya sita alitikisa kichwa kidogo, kama anayefukuza nzi, lakini nzi hakuwepo.

Siku ya kumi mke wa kinyozi mkubwa alibandika vibandiko, akabonyeza kitufe bila hata kutazama, akaenda uani kufua taulo. Mtaa ulikuwa umetulia. Hata redio ya ng'ambo, ambayo kwa kawaida ilikuwa inaamsha wafu, ilikuwa kimya.

Kiganja kililala gotini muda mrefu kuliko siku zote. Kinyozi mkubwa alikitazama. Akatazama waya. Akatazama ng'ambo, ambako mdogo wake alikuwa ametoka nje mikono mitupu na kusimama, kama mtu asiye na la kufanya.

Kiganja kikatetemeka. Kikapanda polepole, kikakaa juu, kikashuka. Kikapanda tena.

“Mashine leo ina nguvu!” kinyozi mkubwa alipaza sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mdogo wake akavuka barabara. Akafika barazani, akasimama mbele ya kiti, akatazama viatu vyake.

“Shikamoo, kaka.”

“Usiniamkie mimi. Anayekusalimia ni mashine.”

“Haya. Shikamoo, mashine.”

Kiganja kikapanda mpaka usawa wa kifua.

“Inasema marahaba,” alisema kinyozi mkubwa, akikohoa.

Mkewe alikuwa ametoka uani na taulo linalochuruzika maji. Alisimama hapo hapo, maji yakimlowesha miguu, asithubutu kulikamua.

“Kaka, yale maandishi pale juu nitayafuta.”

“Yaache. Kweli nasinzia.” Akavuta pua. “Unaona yenyewe inavyopunga? Mimi sina neno nayo. Nikiizuia nitaharibu dawa.”

“Iache ipunge, kaka,” alisema mdogo wake, naye akainua mkono wake akaipungia.

Ndipo mlango wa ng'ambo ukafunguliwa kwa kishindo. Akatoka mteja mwenye kitambaa shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa, upande wa pili msitu mtupu.

“Nyinyi salamu tu, salamu tu!” alilia. “Na kichwa changu je? Saa nzima sasa tangu umeme wa mtaa mzima ukatike!”