Nitaenea Hapo Hapo

Mkanda ulikataa kufunga. Eloy Yagual alivuta pumzi, akalirudisha tumbo ndani kadiri alivyoweza, akajaribu tena. Vile vyuma viwili vikabaki vinatazamana kwa mbali kama watu waliogombana.

Mhudumu wa ndege, mama wa makamo mwenye uso wa upole, aliliona hilo. Akaleta kipande cha kurefushia mkanda, amekificha chini ya koti lake ili watu wasikione. Lakini chuma ni chuma. Kililia, na safu nzima ikageuka.

"Asante, mama," Eloy alinong'ona, jasho likimtiririka.

Wa kumlaumu hakuwapo. Asubuhi ile, katika uwanja wa ndege wa Guayaquil, msichana wa kaunta alikuwa amemtazama mara moja tu, kisha akashusha sauti. "Bwana Yagual, mpaka Madrid ni mbali. Kule mbele kuna viti vipana, ukitaka kuongeza kidogo."

Pesa alikuwa nayo. Mgane kama yeye, aliyeuza supu ya samaki na mihogo sokoni maisha yake yote, mwenye binti mmoja tu anayemngoja Madrid aje kwenye ubatizo wa mjukuu, hakosi pesa ya kiti. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni. Ila dada yake Narcisa, aliyekuja kumsindikiza, akadakia kwa sauti yake ya sokoni:

"Lipa, Eloy! Unamwekea nani hizo pesa? Kibandani kwako umeshaua viti viwili, tena vya chuma. Hicho cha watu utakiacha salama?"

Foleni ikacheka. Narcisa naye akacheka, maana hakuwa na baya moyoni. Eloy akahisi masikio yanawaka moto. Kukinunua kiti kipana mbele ya macho yale ilikuwa sawa na kutangaza kwamba yeye hawezi kukaa wanapokaa binadamu wenzake.

"Nitaenea hapo hapo," akasema, na mkono ukatoka mfukoni mtupu.

Sasa alikuwa haenei. Kijana wa dirishani, mwenye kofia ya timu ya mpira, alikuwa ameshabanwa ukutani kabla hata ndege haijawasha injini.

"Nisamehe, kijana."

"Usijali, mkubwa," kijana alijibu, lakini uso ulikuwa unajali sana.

Mara yule mhudumu akarudi, akainama, akamnong'oneza kijana sikioni. Kijana akaruka juu. "Mimi? Kweli? Sasa hivi!" Akanyakua begi lake, akaruka magoti ya Eloy, akaelekea mbele huku meno yote yako nje.

Amenikimbia, Eloy alijiambia. Kalalamika, na sasa anafurahi kama mtu aliyetolewa gerezani.

Aliyekuja kukaa pale dirishani alikuwa msichana aliyevaa gauni jeusi. Alipita kimya, akakaa, akaegemeza kichwa kwenye kioo. Ndege ilipokwisha kupaa na kutulia, akaanza kulia.

Hakulia kwa sauti. Mabega tu ndiyo yaliyotikisika, na Eloy aliyasikia yakitikisika kwa sababu yalikuwa yamegusana na bega lake. Akajisogeza kidogo upande wa njia. Kilio kikazidi. Akajisogeza tena, mpaka nusu ya mwili wake ikawa nje ya kiti, na toroli la chakula likampiga begani. Bado msichana analia, tena zaidi.

Chakula alikikataa ili asiinue viwiko. Na donge la ndizi na jibini alilofungiwa na Narcisa lilibaki kwenye mfuko. Mtu mnene akila hadharani, kila jicho linamhesabia matonge.

Mhudumu akapita, akainama kumwelekea msichana. "Binti, una hakika? Ukiona umeshindwa, niambie tu."

"Niache hapa hapa, mama," msichana alijibu, akijifuta machozi.

Eloy alitamani sakafu ya ndege ipasuke. Angetukanwa, angestahimili, matusi ya unene alikuwa ameyazoea tangu shuleni. Lakini huyu anateseka, na bado adabu inamziba mdomo! Akainuka kwa taabu, akamfuata mhudumu mpaka kwenye jiko lao dogo la nyuma, wanakopashia chakula. Walikuwepo wahudumu wengine wawili. Wote wakamgeukia.

"Mama," alisema. "Mimi sienei pale. Nilijua tangu kaunta kwamba sienei, nikaona haya kusema. Nataka kulipia kiti cha mbele. Si changu, ni cha yule binti. Mimi ndiye ninayemliza. Sema kiasi chochote, nitalipa, lakini mwondoe pale."

Mhudumu aliweka chini birika la kahawa.

"Mbele kumejaa, bwana. Na kiti cha mbele yule binti alikuwa nacho, kile cha kulala kabisa. Alikuona ukipita wakati wa kupanda, akanishika mkono, akaniomba abadilishane na yeyote atakayekuwa amekaa karibu nawe."

"Karibu na mimi?"

"Anakwenda kumzika baba yake. Anasema alikuwa mtu mkubwa kama wewe, na ukisafiri naye, hupati hata pa kuweka mkono."