Upande wa Geti

Siku Kitsa, mume wangu, alipokufa mjini Beni, basi lake la shule lilikuwa limeegeshwa likitazama ukuta. Risasi zilipoanza, aliwapakia watoto, akalirudisha basi nyuma ili aligeuze. Watoto waliokoka kwa kuruka madirishani. Yeye alibaki kwenye usukani.

Jana, hapa Butembo, injinia alikuwa akipanga gereji ya mabasi ya shule yanayotumia umeme. Alichomeka vijiti udongoni kuonyesha kila basi litasimama wapi, likitazama ukuta. Nilikuwepo kwa niaba ya wazazi.

“Juu ya nini basi zote zinaangalia ukuta?” niliuliza sababu.

“Prise ya kuchajia iko mbele ya basi, mama, na courant ya umeme itatoka ku ukuta.”

“Na siku ya kukimbia?”

“Mais mama, huku ni Butembo, hapana Beni.”

Nilipiga magoti nikang’oa kijiti cha kwanza. Tope liliniingia kwenye kucha. Nikashika cha pili.

“Mama anatuharibia kazi!” fundi mmoja alicheka, kisha akaniona uso, akainamia koleo lake.

Injinia alinishika mkono. Sikukiachia kijiti.

“Donc, sawa, zitaangalia geti,” alisema polepole. “Courant tutaileta pale.”

Leo mafundi wanachimba mashimo ya nguzo za kuchajia, kando ya geti.