Anayemngoja Mgaya

Siku hizi pikipiki la safari haliwaki mpaka mtu akubali, kwenye simu yake, kwamba atakungoja urudi. Mgaya wa Njombe alikuwa na dude zito kama ng'ombe wa maziwa, lakini hana wa kumngoja. Miezi mitatu alikuwa akilifuta vumbi na kunywea chai juu yake.

Ikabidi amwangukie jirani.

"Mama Atu, ningoje siku mbili tu. Naenda Songea."

"Mume wangu mwenyewe nilichoka kumngoja!" Mama Atu akacheka, lakini akabonyeza. Pikipiki likanguruma, kuku wakatawanyika.

Mgaya alikuwa ameshapita Madaba, akiimba vibaya kwa raha zake, ujumbe ulipotokea mbele ya usukani: "Umethibitishwa kurudi salama. Karibu nyumbani."

Akasimama kando, akapiga simu.

"Jirani, mbona umebonyeza nimerudi? Bado niko njiani!"

"Si utarudi tu? Nakaanga maandazi, nikaona nisije nikasahau."

Simu ikakatwa. Mgaya hakuthubutu kuzima injini, maana ingebidi aombe upya. Akaendelea polepole kuelekea Songea, mtu ambaye nchi nzima inajua yuko kwake, amefunga mlango.