Kengele ya Boti Mpya

Kengele ililia, na fundi umeme ambaye karakana nzima ilimwita Cheche akajua kwamba ameisha.

Ililia kule juu, kali, bila kuvuta pumzi, namna ileile iliyokuwa ikimnyima usingizi tangu boti ishushwe majini. Ilikuwa kengele ya mtu kuanguka baharini. Kila aliyepanda boti alivishwa bangili ya mpira. Bangili ikizama majini, kengele hulia na nahodha hugeuza kumfuata aliyeanguka. Hivyo ndivyo kitabu kilivyosema. Kengele hii haikusoma kitabu. Ililia mpishi alipoosha vyombo. Ililia mvua ilipotia manyunyu. Siku moja ililia kwa jasho la fundi rangi, mwenyewe amekaa zake kwenye ngazi anakunywa chai.

Boti ilijengwa kwa oda ya tajiri mmoja, kila kitasa kwa chaguo lake, na mwenyewe alikataa kuipokea mpaka hitilafu zote ziishe. Rangi ikarudiwa, mlango wa jikoni ukanyooshwa, pampu ikabadilishwa. Ikabaki kengele. Meneja alijaribu kumbembeleza kwamba itatengenezwa baadaye, waranti ipo mwaka mzima. Tajiri akamjibu kwamba hajawahi kununua shati lenye tobo eti kwa sababu sindano ni ya bure.

"Nimebadilisha betri, nimebadilisha antena, nimeomba dua," Cheche alimwambia meneja.

"La kuvunda halina ubani," meneja akasema. "Jaribio la mwisho ndilo hili. Ikimlilia tajiri tena mbele ya wageni wake, usirudi karakanani. Pitiliza nyumbani."

Nyumbani! Nyumbani kulikuwa na mke aliyekwisha kumwona akifukuzwa kazi mara mbili, na mama mkwe aliyekuja kusalimia akahamia, ambaye alipenda kuuliza ukuta kama binti yake aliolewa au alitupwa. Kazi hii yenyewe alitafutiwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye nahodha wa boti. Akifukuzwa hapa, angeweka wapi uso wake?

Kwa hiyo asubuhi, kabla kamba hazijafunguliwa, alimvuta shemeji yake kando ya usukani.

"Shemeji, nakuomba kitu kimoja tu. Kengele ikilia, izime. Kitufe hiki hapa chekundu. Bonyeza, usisubiri."

"Nisihesabu watu kwanza?"

"Utahesabu baadaye. Ukianza kuhesabu, tajiri atauliza kuna nini, na mimi habari yangu imekwisha. Wanao wale, shemeji. Wapwa zako."

Nahodha alimtazama macho yalivyomwiva kwa kukosa usingizi, akamwonea huruma. "Haya. Undugu ni kufaana. Ikilia, nazima. Lakini hitilafu yenyewe umeipata?"

"Nadhani nimeipata. Waya wa antena ulikuwa umebanwa huku nyuma. Nimeuachia, imebaki skrubu ya kukaza. Nitaimalizia tukisimama."

Jaribio lilikwenda vizuri mpaka Cheche akaanza kuogopa. Boti ilikata kona, ikarudi kinyumenyume, ikasimama palepale ilipoambiwa. Tajiri alitabasamu, jambo ambalo karakana haikuwahi kuliona. Nahodha akaituliza boti kidogo, injini zipoe kabla ya mbio za mwisho. Wageni wakaletewa vinywaji mbele. Cheche akachukua bisibisi akaenda zake kumaliza kazi.

Hapo ndipo kengele ilipolia.

Sasa mwili mzima ulikuwa ukimtetemeka, meno yanagongana. Alifungua kinywa kumwita shemeji yake. Sauti ilitoka, kengele ikaimeza. Akaita tena, safari hii kwa lile jina la utotoni ambalo mkewe tu ndiye humwita kaka yake. Kengele ikalimeza nalo.

Kipaza sauti cha usukani kilikuwa wazi, na spika za nje zikamletea kila neno.

"Nini hicho?" ilikuwa sauti ya tajiri.

"Si kitu, bosi," nahodha akasema, bila hata kusita. "Tunaijaribu. Fundi wetu yuko hapo nyuma anaikagua."

"Inafanya kazi?"

"Bosi, si unaisikia mwenyewe?"

Wageni wakacheka. Tajiri naye akacheka, kicheko kinene cha mtu aliyeridhika. Cheche alikisikia kicheko hicho alichokiombea usiku na mchana, na kilimchoma.

"Usizime," alisema, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. "Shemeji, nakuomba, usizime."

Kengele ikanyamaza.

"Basi nimeipokea," tajiri alisema kwenye spika. "Mwambieni huyo fundi wa kengele apumzike sasa, kazi yake nimeikubali. Haya nahodha, nioneshe mbio."

Makofi yakapigwa. Injini zote mbili zikanguruma kwa pamoja, na nyuma ya boti povu likafumuka.

Cheche alitema maji ya chumvi, akaunyanyua juu ya wimbi mkono wake wenye bangili, na kuitazama boti ikienda.